Siku Baba wa Nono Aliposhuka kwenye Treni

Lubumbashi, Kamalondo
9 Novemba 2024

Mwanangu Laurentine,

Jambo sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba magoti yako bado yanakubali kupanda njia ya shamba. Mimi ni mzima. Mvua ya kwanza imenyesha juzi, na bati likavuja palepale juu ya kitanda cha nkambo, marehemu mama yenu. Nimekisogeza hadi ukutani. Chumba sasa kimekuwa kikubwa mno kwa mtu mmoja.

Mama mzazi anakusalimu kutoka Kolwezi, yeye na mume wake. Hunipigia simu Jumapili baada ya misa. Rafiki yangu Bénie amejifungua mtoto wa kiume, wamemwita Jephté. Alikuja kunionyesha mtoto, akatikisa mlango wetu na kusema, "Plamé, iyi serire ni ya zamani, mwizi ataifungua na kijiko. Uibadilishe!" Sitabadilisha kitasa. Baba aliondoka na ufunguo wake.

Sasa sinema. Imefika. Ilionyeshwa Jumamosi katika ukumbi wa mjini, na watoto walijaa hadi kwenye ngazi. Vitabu vyako vitano vidogo, ulivyowaandikia wanafunzi wa mwaka wa pili, vile vilivyochapwa parokiani kwa karatasi inayopitisha mwanga, sasa ni filamu ya katuni ya saa moja na nusu. Nono amepewa macho makubwa kama visahani. Baba yake bado anafanya kazi mbali, bado anamtumia kwa treni vitu bila maelezo: kengele isiyo na ulimi, kiatu kimoja, mbavu za mwavuli bila kitambaa. Na Nono bado anazunguka mtaa mzima akiuliza kila kitu kina kazi gani.

Uliniomba nikukusanyie watu wanasema nini. Nimesoma kila nilichopata. Gazeti moja la Brussels limesifu rangi za mvua na kusema kwamba hakuna studio nyingine iliyochora mvua hivyo mwaka huu. Mwandishi mmoja wa Kinshasa amekasirikia vichuguu vyetu: amesema wamevichora vidogo kama vyungu vilivyopinduliwa, wakati Lubumbashi kichuguu kimoja kinatosha kuficha nyumba. Ana haki. Gazeti moja la Paris limeandika nusu ukurasa kuhusu jambo moja tu: kwa nini baba anamwita binti yake "Mama". Linasema ni mtoto aliyegeuzwa mzazi wa baba yake, mzigo wa kutisha, na kwamba filamu ya watoto ingepaswa kuwa na uangalifu zaidi. Nilicheka peke yangu ofisini. Nani angewaambia kwamba Nono amebeba jina la bibi yake, kwa hiyo baba yake hawezi kumwita vingine? Wangefanya nini wakijua kwamba mimi, kwa sababu nimebeba jina la mama yenu Mwape, nakuita mwanangu wewe mwenye mvi?

Mwisho wake, watoto walipiga makofi.

Adalbert yuko barabarani na lori lake la chumvi na sabuni, anapiga honi. Nakuachia hapa.

Mama yako,
Plamedie Mwape

*

Mitwaba
1 Desemba 2024

Kwako Mama,

Jambo, jambo sana. Barua na sabuni vimefika, chumvi Adalbert aliuza njiani, mwizi yule. Magoti yananisumbua kwenye kushuka, si kupanda. Nguruwe-mwitu wamelala katika mihogo yangu kama watu waliolipia chumba. Masista wamenipa paka. Simu bado inashika kule juu nyuma ya parokia tu, na nikifika pale sina tena pumzi ya kuongea, kwa hiyo tuendelee na karatasi.

Nimemsomea padri yale ya Paris. Alicheka hadi akavua miwani. Halafu akasema, "Lakini, Tantine Laurentine, muntu yule aliona kintu."

Mama, umeniandikia vizuri kabisa. Brussels wamesema, Kinshasa wamesema, Paris wamesema. Hata vichuguu vimepata nafasi yao. Sasa nakuuliza kama mwalimu anayemuuliza mtoto wa nyuma darasani: na wewe? Wewe ndiye unayeandika habari za sinema gazetini. Nimekulea mimi, najua unavyozunguka kitu usichotaka kukigusa. Mistari miwili juu ya rangi ya mvua, na mstari mmoja juu ya mwisho. "Watoto walipiga makofi." Sikuuliza watoto.

Katika vitabu vyangu baba wa Nono hafiki. Katika sinema anafika. Niambie ulionaje alipofika.

Baada ya mvua kuna jambo nataka tulifanye hapa, kwenye kaburi la mama yetu. Nitakueleza wakati wake. Nakutumia bowa wakavu, uyoga wa msituni huku, uwaloweke usiku mzima, usifanye haraka zako za mjini.

Mtoto wako,
Laurentine

*

Lubumbashi
28 Desemba 2024

Mwanangu Laurentine,

Jambo, na heri ya Noeli iliyokwisha pita. Bowa walifika siku moja kabla, nikawapika na kusonga bukari ya unga wa mahindi. Nilipika chakula kingi, kwa mazoea ya mkono. Nilikula siku tatu. Bénie alinialika kwao, nikasema nina kazi. Mwenzangu mmoja ofisini alinialika, nikasema naenda kwa Bénie. Hivyo nilipata siku nzima ya kukaa kimya.

Gazeti letu ndilo peke yake halijaandika juu ya Nono. Aristote, mhariri wetu, alikuja mezani kwangu.

"Plamé, kila mutu anaongea juu ya ile film, ni siye tu tunanyamaza. Weye njo ulisoma ile vitabu mu utoto. Andika."

"Mupe Elisée."

"Elisée anaandikaka ya mpira! Atasema Nono alifunga bao."

"Basi ngojea."

"Tungojee nini? Iko nini na weye?"

Nilimwambia kazi ni nyingi. Hajui kwamba mwandishi wa vitabu ni shangazi yangu. Hajui Nono ni nani. Hakuna anayejua, na sijui ningeanzia wapi kusema.

Lakini nilirudi ukumbini kuwasikiliza watu, hilo naweza kukupa. Karibu wote wanagombana juu ya mwisho. Redioni mzee mmoja wa reli alipiga simu kusema kwamba jambo la ajabu katika filamu si kengele inayoimba bila ulimi, ila treni inayofika kwa saa yake. Kinshasa wameandika kwamba mwisho ni sukari, kwamba vitabu vilikuwa na ujasiri na filamu imeogopa. Mlangoni mama mmoja alimwambia mume wake, "Unaona? Mwenzako alirudia." Bwana akajibu, "Alirudia na kiatu moja. Miye nilirudia na biatu bibili, na haukunipigia makofi." Watu wote kwenye mstari walicheka. Mimi pia, kidogo.

Umeuliza mimi nasemaje. Nasema hivi: watu wa studio walikuwa na haki gani? Wewe ulimwacha baba wa Nono njiani katika vitabu vyote vitano. Ulikuwa na sababu. Mimi nilikuwa sababu. Wao wamekuja na kalamu zao za rangi, wakamshusha kwenye treni, muziki ukapigwa, wakawarudisha watu nyumbani wameridhika. Je, walikuomba ruhusa? Ukitaka nitawaandikia studio kwa Kifaransa kikali, na nitaweka sahihi yako. Au yangu.

Hilo ndilo ninalosema. Kaburini kuna jambo gani?

Mama yako,
Plamedie

*

Mitwaba
2 Februari 2025

Kwako Mama,

Jambo. Barua yako imefika na maji, wino umekimbia, lakini nimesoma yote. Lori lililala kwenye matope hadi Adalbert akafuga ndevu. Mahindi yamesimama. Paka amekimbilia kwa jirani anayekaanga samaki. Ninakohoa kidogo, usijali.

Usiwaandikie studio. Si wao waliomrudisha. Ni mimi.

Wale vijana wa studio walipokuja waliwapenda Nono na baba yake jinsi walivyo. Waliniambia, "Mama, uzuri wa vitabu ni kwamba baba hafiki. Mtazamaji anabaki na swali." Niliwaambia mtazamaji wenu atabaki na swali mpaka nje, kisha atatafuta chakula. Sisi tumebaki nalo tangu mwaka 2010. Afike, au vitabu vinarudi kabatini. Waliniona bibi mkaidi. Wakakubali.

Uliacha kula, Mama. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, unakaa mlangoni, bukari inapoa. Baba yako Rigobert alisema anavuka pale Kipushi kutafuta kazi ya mgodi upande wa Zambia, atatuma kitu mwisho wa mwezi. Hakutuma kitu. Nilikwenda Kipushi na picha yake, nikaenda hadi ng'ambo, nikawaonyesha watu hadi picha ikapasuka kwenye mkunjo. Ndipo nikaanza kuandika, ili angalau katika karatasi kuwe na baba anayetuma kitu. Kila kitabu nilitaka kumfikisha kwenye ukurasa wa mwisho. Nilishindwa, kwa sababu kesho yake ungeniuliza mbona wetu hajafika.

Sasa nimechoka kumwacha njiani. Nilitaka afike mara moja, hata kwenye kitambaa cha ukumbi, kabla sijamlilia.

Hilo ndilo jambo la kaburini. Nataka tumfanyie Rigobert kilio, hapa kwetu, barabara ikikauka. Padri amekubali kusoma misa. Hatuna mwili, kwa hiyo tutazika nguo yake pembeni mwa mama. Lile koti aliloliacha, ulilonalo wewe. Lakini wewe unajua desturi yetu kwa mtu aliyepotea: mama yake ndiye anayekaa chini wa kwanza na kutoa sauti. Kabla yake hakuna anayelia, hakuna anayepika, hata dada. Mama yetu ameondoka, na jina lake liko kwako.

Yule wa Paris hakukosa sana, unaona. Nakuomba uwe mama wa baba yako.

Nikilia mimi bila wewe, kitakuwa kikohozi tu.

Mtoto wako,
Laurentine

*

Mitwaba
6 Aprili 2025

Plamedie,

Jambo. Sijapata jibu. Adalbert ameapa alikupa barua mkononi, na kwamba uliichukua bila kumkaribisha maji, jambo ambalo si lako.

Leo sikukuita Mama, na utakuwa umeona. Usifikiri nimekasirika. Nimekaa nikawaza kwamba tulikupa jina lile ukiwa na siku chache duniani, hukuulizwa. Mtoto wa ndugu yangu hana deni la kuzika mtu asiyetaka kumzika. Ukikataa, nitaelewa, na Rigobert atabaki njiani, amezoea.

Nijulishe tu kama unakula.

Shangazi yako,
Laurentine

*

Lubumbashi
11 Mei 2025

Mwanangu Laurentine,

Jambo sana, na unisamehe kimya changu. Kikohozi kimeisha? Nauliza kabla ya mengine yote, nawe unijibu kabla ya mengine yote. Hapa mvua imekwisha, vumbi jekundu limeanza kukaa juu ya majani, na asubuhi kuna baridi. Jephté ana meno mawili. Mama mzazi anakusalimu. Ninakula.

Barua yako ya Februari niliiweka chini ya mto na sikuijibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikujua ni juu ya nani. Nilikuwa nimemkasirikia mtu wa studio ambaye hayupo. Ulipochukua nafasi yake sikuwa tayari. Kisha ikaja ile ya Aprili. Nilisoma neno la kwanza, "Plamedie", kama kwenye barua ya ofisi, na nikaona kwamba katika mji huu mzima, wenye watu wengi kiasi hiki, sasa hakuna mtu hata mmoja anayeniita Mama. Baba aliniita hivyo, wewe uliniita hivyo. Ulikuwa wa mwisho.

Nikaenda kuitazama filamu mara ya tatu. Wiki yake ya mwisho, ukumbi mtupu, tulikuwa mimi na bwana mmoja aliyelala.

Sikiliza nilichokiona. Mara mbili za kwanza nilikuwa nangojea kumkasirikia baba anapofika, kwa hiyo sikumtazama. Treni inasimama, mlango unafunguka. Anashuka na kiatu kimoja, mguu wa pili uko peku, na Nono amesimama na kile kiatu kingine alichokilinda tangu kitabu cha pili. Watu wote wanakumbuka kukumbatiana. Lakini kabla ya hapo kuna kitambo kidogo ambacho hakuna gazeti lililokiandika. Baba anatafuta kati ya watu, haoni mtu, anasema "Mama?" kwa sauti ndogo sana, kama mtoto aliyepotea sokoni. Na wamemchora kijana. Nono amekua tangu mwanzo wa filamu, amerefuka, gauni limekuwa fupi, lakini baba amebaki vilevile alivyoondoka.

Baba aliondoka na miaka thelathini na moja. Mimi nina ishirini na sita. Bado kidogo nimfikie, kisha nitampita, na yeye atabaki pale mlangoni mwa treni akiita.

Nilitoka ukumbini, nikaenda ofisini, nikaandika. Makala yametoka Alhamisi na nakufungia gazeti. Niliandika kwamba vichuguu ni vidogo, rangi za mvua ni nzuri, na wa Kinshasa wanakosea: mwisho si sukari. Niliandika kwamba mtu akipotea, walio nyumbani hudhani wao ndio wanaongoja, kumbe naye yuko mahali anangoja mtu wa kumwambia umefika, vua kiatu, kaa. Niliandika kwamba sipendi mwisho huo na kwamba ni wa kweli. Aristote alisoma, akaniangalia.

"Plamé, iyi Nono… unamujua?"

"Namujua."

Alivuta kiti, akakaa. Tulikaa hivyo mpaka wengine wakaenda nyumbani. Ndiyo mara ya kwanza nimekaa kimya na mtu mwaka huu.

Koti lipo. Limekaa kwenye msumari nyuma ya mlango, nami hulivaa kila Juni na Julai kwa ajili ya baridi. Sikukwambia. Nilijaribu kunusa kola kabla ya kulikunja. Sasa lina harufu yangu. Ya kwake imekwisha. Nimelifua na kulipiga pasi, mikono nimeikunja kwa ndani kama alivyopenda.

Halafu nilimwita fundi. Amebadilisha kitasa. Alipokuwa anatoa kile cha zamani aliniuliza kama anirudishie, nikasema hapana, akakitia katika mfuko wake na vyuma vingine, kikalia mara moja. Niliketi kidogo kwenye kizingiti. Kama baba yuko hai, atagonga kama mtu yeyote, na nitamfungulia. Nimeyaandika haya, sitayaandika tena.

Funguo za kitasa kipya ni mbili. Mmoja nimeufunga kwenye kitambaa, nakuletea. Mvua ikirudi, ukae nami huku Kamalondo. Kitanda cha nkambo nitakirudisha katikati ya chumba.

Adalbert anaondoka Jumatatu ijayo, na mimi nitakuwa naye mbele ya lori. Barua hii anaitanguliza na lori la ndugu yake. Mwambie padri. Tafuta watu wa kuchimba, tandika mikeka, weka kuni tayari bila kuziwasha. Lakini usitoe sauti, mwanangu, hata kidogo, hata ukisikia lori linapanda kilima. Unisubiri. Nitashuka mimi kwanza, nitakaa chini, nitamwita mtoto wangu kwa jina lake lote.

Ndipo ulie.

Mama yako,
Mwape